Mbeta Niliyoingia Nayo Ukweni

Mkasa huu nikiukumbuka natafuta pa kuficha uso, lakini kwa kuwa mke wangu ameshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, afadhali niseme mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi kijana, nambebea chupa Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Wadudu, aliyezunguka vijito vyote vya upande wa Tosamaganga akitafuta wale wadudu wa miguu mirefu wanaotembea juu ya maji bila kulowa (sisi tulikuwa tunawapisha tu tukichota maji). Majike alikuwa nao tele, ila alisema bila dume hawezi kujua ni wa aina gani wala kuwaandika. Siku moja chupa aliyonipa ikapasukia jiweni, na baada ya hapo ndipo nikanasa dume, tena mwenye mabawa, pamoja na majike kadhaa. Nirudi kambini kufuata chupa nyingine? Uvivu. Nikaokota mbeta kuukuu, kile kipande cha mwanzi tunachokingia ulanzi, pombe ya mianzi, nikawatia humo na maji yao, nikaziba kwa majani.

Njia ya mkato ilipita kwa akina Agatha, binti niliyekuwa nimempelekea mshenga na jibu halijatoka (na hata isingekuwa ya mkato ningeipita). Baba yake alikuwa uani na kaka yake Agatha pamoja na bibi yao.

“Kamwene, baba,” nikasalimia.

“Kamwene, mwanangu,” akajibu, macho kwenye mbeta. “Kumbe umetukumbuka wazee.” Akaipokea kwa mikono miwili.

Hapo ndipo ningesema. Lakini nani atamwambia baba wa mchumba kwamba hakuletewa kitu, na kilichomo ni wadudu?

Kwetu aliyeleta pombe ndiye anayeonja kwanza, wenyeji wanywe kwa amani, basi nikarudishiwa mbeta, nikafumba macho, nikanywa, kitu kikanitembea ulimini, nikameza.

“Ulanzi bado mchanga,” nikasema.

Akanywa baba yake. Nikaona koo linapanda, linasita, linashuka. Akafuta mdomo taratibu, akasema, “Mwepesi, lakini mzuri,” akampa kaka yake Agatha, naye akanywa, akatazama milima kwa muda, akashukuru. Watu wazima wanameza wadudu wa Mzungu, mimi jasho linanitiririka, namwona Agatha mlangoni na najua nimeshamkosa.

Mbeta ikafika kwa bibi, ambaye hakuwa na tabia ya kumwonea mtu haya. Akachungulia.

“Huyu mbona anatembea?”

Nikaeleza yote, naangalia vidole vyangu vya miguu.

“Kwa hiyo ulijua, ukanywa?” akauliza baba yake.

“Ndiyo, baba. Niliona vibaya kukunyang’anya mkononi.”

Akamgeukia kaka yake Agatha. “Nawe ulimsikia?”

“Alinikwama kwenye jino. Nikasema nisimwaibishe mgeni.”

“Na mimi hivyohivyo,” akasema baba yake, akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

Bibi akaifunika mbeta kwa kiganja. “Aliyebaki mpelekee mwenyewe.” Aliyebaki alikuwa yule dume mwenye mabawa, na Bwana Wadudu akamwandika kwa furaha bila kujua wenzake waliishia wapi.

Jibu la mshenga likaja: nije, ila safari hii nije na ulanzi. Tangu hapo sijabeba mbeta nikapita karibu na nyumba ya mtu, na sitabeba. Naye Agatha, miaka yote hii, kila akinipa maji ya kunywa huyachungulia kwanza, kisha ananiambia, “Kunywa baba, leo hamna mtu.”