Anayeonja Kwanza

Anastase wa Luberizi alikuwa na ulimi wa pilipili. Maisha yake yote alichimba mifereji ya kupeleka maji kwenye mashamba ya mpunga, huku akiwacheka wavivu wote wa bonde la Ruzizi, mmoja mmoja kwa jina lake. Kisha mikono ikakonda. Jembe likamshinda, baadaye hata kijiko. Aliyemlisha ni Jolie, mke wa mwanawe aliyekuwa kazini Bukavu.

Daktari wa Uvira alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, akaongeza kwamba hauumi. Hauumi! Na nyayo za mzee zinawaka moto, hata shuka ikimgusa anakunja uso.

Hapo dada yake Laurette, bingwa wa kila asichokisomea, akapata jibu. Ugonjwa wa daktari hauchomi, kaka anachomeka. Basi ni karuho, ile sumu ya polepole. Na nani anapika? Jolie.

Mzee akarudishwa kwa daktari. Safari hii alimgusisha vidole vya miguu kitu cha moto na cha baridi, akaona hatofautishi vizuri, akakiri kwamba mwanzo alisema kwa haraka. Kwa baadhi ya wagonjwa hawa, alieleza, hata mishipa midogo ya ngozini huharibika, ile inayopeleka habari za moto na baridi. Laurette akasema daktari amehongwa. Amehongwa na Jolie, ambaye hata kandambili zake zilishonwa kwa uzi!

Jumapili baada ya misa ukoo ukaketi uani. Wakiamua kwamba Jolie ametia sumu, atarudishwa kwao Kiringye, na sifa hiyo itamtangulia kufika. Desturi ni kwamba anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza, moyo wako utulie. Laurette akaigeuza desturi kuwa kesi.

"Aonje kila kijiko, sisi wote tuone!"

Jolie akainua kijiko cha uji wa mzee. "Minye siogopi, shangazi."

"Acha, mutoto wangu," Anastase akasema, maneno yakijikokota. "Laurette, weye iko na mapendo mingi. Onja, kisha unilishe."

Laurette akautazama udenda uliotiririka kidevuni mwa kaka yake. Ghafla akakumbuka kwamba tumbo linamsumbua, na kwamba magari ya kumrudisha kwake Lubarika yataisha. Wengine nao wakakumbuka ng'ombe wao. Mashujaa wakubwa! Hakuna aliyethubutu kumfukuza Jolie, maana atakayemfukuza ndiye atakayekishika kile kijiko.

Anastase akacheka mpaka akapaliwa. Uani wakabaki wawili tu. Jolie akamfuta kidevu, akachota uji. Akautia kwanza kinywani mwake mwenyewe, akameza, akangoja kidogo, ndipo akachota wa mzee. Anastase alitaka kumshika mkono amwambie aache, lakini mkono haukuinuka. Akafungua kinywa, akameza aibu ya ukoo mzima.