Sala ya Saa Tano Niliyoisali Saa Nane

Msinitazame hivyo. Sikuwa nimelewa, sinywi mimi, wala sikuwa usingizini, maana nani analala sokoni Mchikichini mchana kweupe? Haya yalinitokea mimi mwenyewe, kwenye meza yangu ya mitumba, na shahidi ninaye: Mama Zuhura, muuza viatu wa meza ya jirani, Mwislamu wa swala tano, asiye na sababu ya kusema uongo ili kuwafurahisha Wakristo.

Siku hiyo mama yangu alikuwa afanyiwe operesheni ya moyo, hospitali ya kule Upanga, saa tano asubuhi. Ndugu wote tulikubaliana kwamba saa tano kamili kila mtu apige magoti pale alipo. Dada yangu Stella angekuwa hospitali, nje ya chumba cha operesheni, mimi ningekuwa sokoni. Niliahidi mimi wa kwanza, tena kwa mbwembwe.

Basi, saa nne na nusu mzigo wangu ukafika. Mnaoijua kazi hii mnaelewa: belo la nguo likishakatwa kamba, mwenyewe haondoki. Wateja wanakuvamia, mikono kumi inavuta blauzi moja, ukigeuza shingo umekwisha. Simu yangu huwa naizima na kuifungia kwenye boksi. Nikapanda juu ya meza, nikapiga mnada mpaka sauti ikakauka. Mwisho kabisa, chini ya belo, likatoka koti la kike, jekundu, lenye manyoya shingoni. Koti la manyoya kwa joto la Dar! Nikalivaa mwenyewe, kama tunavyofanya kuchekesha wateja, nikakata mauno nalo, watu wakacheka wakaondoka.

Akabaki mama mmoja wa makamo, simjui, amevaa gauni la bluu, hana hata pochi. Akaniita jina ambalo mama yangu peke yake ndiye huniita (silitaji hapa), akaniuliza taratibu mama yangu anaendeleaje.

Nikatazama saa ya Mama Zuhura: saa nane kasoro dakika kumi. Nilikuwa nimemsahau mama yangu. Mama aliyenizaa, kwa ajili ya blauzi! Aibu ikageuka hasira, nikamjibu yule mama kwa ukali kwamba saa yenyewe imeshapita, maji yakimwagika hayazoleki, sasa nisali nini?

Hakukasirika. Akasema, "Imepita kwako, mwanangu. Mungu hapangi foleni na sisi. Hiyo saa tano iko mbele yake sasa hivi, na hii saa nane iko mbele yake vilevile. Omba."

Katekista wetu kule Masasi alitukaririsha kwamba Mungu hana jana wala kesho. Tulijibu kama kasuku. Nani kati yetu aliwahi kukaa akalifikiria? Nusura nimfukuze yule mama. Lakini nikapiga magoti kwenye matambara na koti langu la manyoya, nikasema kwa sauti, "Baba, naiombea saa tano ya leo, ambayo imeshapita. Usimchukue mama." Nikalia kama mtoto.

Nilipoinua kichwa, yule mama hayupo. Mama Zuhura alimwona vizuri, akadhani ni shangazi yangu, lakini hakumwona akiondoka. Na njia ya kutokea ni moja tu, inapita mbele ya viatu vyake.

Nikawasha simu. Hapohapo Stella akapiga. Mama mzima! Moyo ulikuwa umesimama saa tano na dakika chache, madaktari wakahangaika mpaka karibu wakate tamaa, kisha ukaanza tena kupiga wenyewe. Nikashukuru, nikashukuru. Halafu Stella akaniambia, na hapa sikilizeni vizuri:

"Asante kwa kuja, kaka. Ila na wewe, ndiyo nini kuja hospitali na koti la kike, jekundu, manyoya mpaka masikioni?"

Nikamwambia sijatoka sokoni. Akadhani natania. Akanieleza nilivyopiga magoti mlangoni saa tano ileile, nikalia, nikaondoka bila kuaga. Kilichomsumbua ni maneno yangu: kwa nini nilisema saa tano imeshapita, wakati ndiyo kwanza imefika?

Na saa tano lile koti lilikuwa wapi? Chini kabisa ya belo, hata mimi sijaliona!

Leo mama anakaanga samaki nyumbani na kunigombeza nikichelewa kula. Nina furaha isiyotulia kifuani, ndiyo maana ninamsimulia kila mtu, hata nikiwa kwenye basi la mwendokasi. Siku hizi naiombea hata jana. Lakini lipo jambo moja linalonitetemesha bado. Saa nane kasoro, Stella alikuwa ameshaniona nimepiga magoti, na moyo wa mama ulikuwa umesharudi. Mimi nilikuwa bado nimesimama, mdomo wazi, nataka kumwambia yule mama aende zake. Je, ningeweza kumwambia, ilhali sala yangu ilikuwa imeshasikika?

Kwa hiyo nawaonya. Sala ikikujia akilini, hata kama umechelewa mwaka mzima, usibishane nayo. Piga magoti. Hujui ni nani yuko ndani ya saa hiyo, anakusubiri ufike.