Asubuhi ya Wafu, Mchana wa Walio Hai

Kwetu Kongo, tarehe moja ya mwezi wa nane ni Siku ya Wazazi, na siku hiyo moja ina watu wa aina mbili. Asubuhi ni ya wazazi waliokufa. Watu wanabeba majembe, panga na ndoo ya chokaa, wanakwenda makaburini kung'oa majani. Mchana ni wa wazazi walio hai. Kuku anachinjwa, kitenge kipya kinafungwa, baba na mama wanakalishwa kwenye viti vya heshima na watoto wao wanawaimbia. Mtu anatoka kaburini na udongo kwenye kucha, ananawa, anakula. Wageni wanaofika Goma siku hiyo hushangaa, nami hushangaa wanavyoshangaa. Ungetaka tuwalishe walio hai kabla ya kuwasalimia waliotangulia?

Nilizaliwa Mapendo, mtaa wa Goma, katika nyumba ya Kiislamu. Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa asili ya Kasongo, akileta maharage na viazi kutoka Kalengera. Mama naye alikuwa binti wa wachuuzi wa Maniema, mwanamke mfupi mwenye hatua ndefu. Wazee wa msikiti walikuwa wakinong'ona kwamba Mwislamu hana sikukuu ya makaburi. Mama aliwajibu mara moja tu, na hawakurudia.

"Siku ni ya serikali," alisema. "Dua ni yangu."

Baba alikufa kwa homa mwaka mmoja kabla ya mlima wa moto ulio juu ya mji wetu kupasuka. Wanaume wa msikiti ndio waliomzika, kama ilivyo kwetu, na mama alibaki ndani akikaa edda, tumbo likiwa kubwa. Aliambiwa tu: ingia mlango mkuu, uache mlima mgongoni, nenda moja kwa moja, yuko karibu na ukuta wa upande wa Waislamu. Mtoto alipozaliwa na tarehe moja ya mwezi wa nane ilipofika, mama alimfunga mgongoni, akaenda kumwona mumewe kwa mara ya kwanza. Nilikuwa naye, nina miaka kumi na mitatu. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kaburi alihesabu hatua, kwa Kifaransa, kama tunavyohesabu sote jambo lisilotaka mchezo. Zilikuwa hatua themanini. Nilimwuliza kwa nini anahesabu na kaburi analiona. Akasema kitu usichokizika wewe mwenyewe ni rahisi kukipoteza.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata mlima ukapasuka. Moto wa mawe ulishuka ukakata mji, ukapita katika mtaa wetu, nasi tukakimbia kwa miguu mpaka Mugunga, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Tuliporudi baada ya siku chache nyumba yetu ilikuwa chini ya jiwe jeusi ambalo bado lilikuwa na joto. Tulijenga nyingine ya mbao juu ya ile ya kwanza. Sikulia kwa ajili ya nyumba, na sitadanganya kwamba nililia. Nililia siku tulipopita njia ya makaburini, nikaona kwamba ukuta, misalaba na vibao vyote vimekwisha. Ncha mbili za nguzo za mlango na kisiki cha mkaratusi tu ndivyo vilivyokuwa vimechomoza.

Mama hakulia. Alizitazama zile ncha, akasema, "Mlango uko."

Ikafika tena tarehe moja ya mwezi wa nane. Mama alitutangazia alfajiri kwamba baba yetu asipoonwa asubuhi, yeye hataketi kwenye kiti mchana. Kuku alikuwa amefungwa mguu kwenye meza, shangazi ameshaosha mchele, wadogo zangu wamejifunza wimbo wiki nzima. Wote walinitazama mimi, mtoto wa kwanza, kana kwamba kaburi nimelificha mimi.

Na siku ile ilikuwa imebebeshwa mengine. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na kesho yake walikuwa na sikukuu yao wenyewe, kwa hiyo askari wao walikuwa wameamuru salongo: kila mtu atoke afagie barabara. Tena, tarehe hiyohiyo dunia nzima inafungua wiki ya kunyonyesha, na kituo cha afya cha mtaani kilikuwa kimemchagua mama akae mbele, kwenye saa nne, aonyeshwe kama mfano. Ndugu yangu mdogo alikuwa na miezi kumi na mitano na mashavu ya mtoto wa chifu, bado ananyonya, maana mama alishika miaka miwili ya Kurani bila kupunguza hata Ijumaa moja. Wafu, ufagio, ziwa na kuku, vyote vilimgojea mtu mmoja kabla ya adhuhuri.

Tulifika kwenye zile nguzo jua likiwa bado dogo. Mama akaupa mlima mgongo, akaanza: un, deux, trois. Mawe yalikuwa yamesimama hovyo, mengine makali, mengine mashimo. Alipanda, akashuka, akashikilia kwa mikono. Kwenye hatua ya themanini alisimama, na mbele ya vidole vyake palikuwa na msalaba mpya wa mbao.

Sijawahi kumwona mama akiwa hivyo. Aliushika ule msalaba kwa mikono miwili, akaanza kuutikisa.

"Musalaba juu ya bwana yangu! Nani ameweka hii kitu?"

"Mama, acha! Huyo ni bibi yangu."

Aliyesema alikuwa muzee mrefu aliyekaa juu ya jiwe nyuma yetu, kofia magotini, kamba za ng'ombe zimezungushwa begani. Alikuwa mtu wa milima ya Masisi, mfugaji aliyekimbilia mjini vita vilipokula ng'ombe wake. Mkewe alikuwa amezikwa pale, upande wa Wakristo, na mbao za msalaba alikuwa amezileta zimefungwa kwa kamba zilezile.

"Bibi yako yuko mahali pengine," mama alisema. "Mimi nimehesabu. Hatua makumi nane toka mulango."

"Na mimi nimepima na kamba. Toka kwa kisiki ya ule mukalitusi, kamba mbili. Nilimuzika mimi mwenyewe, mama. Siwezi kumupoteza."

Maneno hayo ya mwisho yalimpiga mama mahali pake. Aliuachia msalaba. Nilifikiri sasa atakaa chini, tutarudi nyumbani, kuku atapewa majirani. Niliogopa sana. Kama mama angekubali siku ile kwamba baba amepotea, nyumba yetu nzima ingelikubali, na mimi sikutaka kukubali.

Yule muzee alimtazama miguu, si uso.

"Mama, ile siku ulihesabu, ulitembea juu ya nini?"

"Majani. Udongo. Njia ilikuwa nzuri."

"Na leo?"

Mama alitazama nyuma, mawe yote yale aliyoyapanda akiyahesabu kila moja kuwa hatua. Hakuna mtu wa Goma ambaye hakufanya kosa lile mwaka ule. Tulikuwa tunaendelea kuutembea mji wa zamani kwa miguu ya zamani, tunasema duka liko hatua kadhaa, shule iko dakika kadhaa, na mji wenyewe ulikuwa umekwisha kubadilika chini yetu.

"Juu ya mawe mutu anakata hatua, zinakuwa fupi," muzee alisema. "Sisi kule kwetu hatupimi kilaro, zizi ya ng'ombe, na miguu. Mulima unadanganya miguu. Kamba haidanganyiwi. Twende kwa barabara, utembee sawa, tupime kamba."

Barabara ilikuwa imesawazishwa kwa mashine ili malori yapite, na ndiyo sehemu pekee iliyo tambarare. Muzee akaunganisha kamba zake mbili. Mama akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamfunga mgongoni.

"Mama, amekuwa mkubwa," nilisema. "Mwaka jana alikuwa mwepesi."

"Na mimi nimekuwa mukubwa. Tutalingana."

Akatembea hatua ishirini, muzee akakaza kamba, akafunga fundo mwishoni. Kamba nne kama ile zingekuwa hatua themanini. Mama akaanza kurudia kwa uhakika, na ndipo askari mmoja alipotoka kati ya watu waliokuwa wakifagia. Kijana, bunduki begani, sauti kubwa kuliko kifua.

"Nyinyi munacheza nini hapa? Leo ni salongo! Shikeni ufagio!"

"Napima kaburi ya bwana yangu," mama alisema, bila kusimama.

"Leo hakuna makaburi. Leo ni salongo."

Mama akasimama.

"Uko na mama?"

Askari hakutegemea swali. "Niko naye."

"Basi wewe ni mutu wa mchana. Mshukuru Mungu. Sisi ni watu wa asubuhi, na asubuhi inaisha. Utuache tupite."

Askari alimtazama mama, akaitazama kamba, akamtazama mtoto mwenye mashavu. Kisha akageuka, akainua mkono kulizuia lori lililokuwa linakuja, mpaka mama alipomaliza hatua zake ishirini.

Tukarudi kwenye nguzo. Mimi nilishika ncha moja juu, muzee nyingine, kamba ikapita hewani bila kujali mashimo wala vilima. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tuliupita msalaba wake na kuuacha nyuma. Ya nne ilipoishia, mama aliinama akakwaruza majivu kwa kiganja, huku na huku, na mkono wake wa kushoto ukagusa kitu kilichonyooka: mstari wa matofali ya simenti, upana wa kiganja, uliochomoza kidogo. Ulikuwa mgongo wa ukuta. Ukuta wa upande wetu.

Alipiga magoti pale. Akasoma Fatiha kwa sauti, na muzee akavua kofia, akasubiri mpaka mwisho, akasema amina yake ya Kikatoliki. Hapakuwa na jani la kung'oa juu ya lile jiwe. Mama akachukua ndoo ya chokaa akaipaka sehemu yote, urefu wa mtu aliyelala. Kisha, bila kuombwa, akarudi akapaka na msalaba wa yule bibi.

Kituo cha afya tulifika tumechelewa. Mganga alikuwa katikati ya hotuba. Mama alipita mbele ya watu wote, magoti meusi kwa jivu, mikono myeupe kwa chokaa, akakaa kwenye kiti alichowekewa, akatoa ziwa akanyonyesha. Walipiga makofi. Mchana alikaa kwenye kiti kingine, nyumbani, akala paja la kuku na kusikiliza wimbo wa wadogo zangu wote, beti saba, bila kusinzia. Nilijivuna siku ile kuliko siku yoyote ya shule.

Muzee alitukatia ile kamba ya hatua ishirini, akatuachia. Kila mwaka tuliitumia. Waasi wale waliondoka, wengine wakaja, wakaondoka, wakaja tena. Mlima nao ulipasuka mara nyingine. Mtoto wa mashavu ni mwalimu sasa. Mama alifariki kitandani mwake, mvua ikinyesha, mimi nimemshika mguu. Tulimzika kwenye kipande ambacho mawe hayakufika. Kutoka kwa baba mpaka kwake ni kamba sita. Wakati huu nilipima mwenyewe.

Mwaka huu, tarehe moja ya mwezi wa nane, nilitoka alfajiri na jembe na kamba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda asubuhi bila kuwa na mtu wangu wa mchana. Mji uko tena chini ya waasi, na kwenye njia ya makaburini palikuwa na kizuizi. Askari mmoja, mdogo kuliko mwanangu wa pili, akaniuliza ninakwenda wapi na kamba. Nilikuwa nimechoka, na nikamjibu kwa sauti ya mama.

"Uko na mama?"

Alitazama chini. "Hapana. Alikufa huko Kalengera. Sikuwako. Kaburi yake sijui iko wapi."

Jibu nililokuwa nimeliandaa halikufaa tena. Nilimwomba jina la mama yake. Alilitaja taratibu, kana kwamba hakuwa amelisema kwa muda mrefu, kisha akasogeza ule mti wa kizuizi nikapita.

Nilimpaka baba chokaa. Nikapima kamba sita, nikang'oa majani ya mama. Chokaa iliyobaki ndooni nikaipaka kwenye jiwe lililokuwa tupu kati yao, nikalisema lile jina, nikasoma Fatiha, ingawa sikumwuliza kama walikuwa Waislamu au Wakristo. Kisha nikaenda nyumbani kunawa mikono. Watoto wangu walikuwa wamekwisha kuniwekea kiti.