Siku Nilienda Kupokea Maman Zohra

Ninyi ba Bukavu munaniulizaka nilienda Bruxelles kufanya nini, mimi mwenye nilikimbia masomo ku troisième, mwaka ya tatu. Bon, nilienda kupokea mugeni. Maman Furaha, mukubwa wa chama yetu ya bamama, alinipigia simu kule Liège ninaishi: «Maman Zohra anatoka Alger, anapitia Paris. Anateteaka haki ya banamuke na amani, na kule kwao Alger iko bantu banatafuta kumuua. Umuchukue ku Gare du Midi, kwenye train za Bruxelles zinafikia, umulete kwetu hapa mutaa ya Etterbeek. Adresse hatukuiandika ku barua, isianguke mukononi ya bantu babaya. Utamupeleka wewe.»

Saa mbili asubuhi nilipanda train ku Liège, pagne ya sikukuu kiunoni, carton ku mapaja. Njiani niliandika jina yake, na ya babake, kubwa hata kipofu angesoma. Kwetu mugeni akiingia kimya-kimya, bantu banasema tulimudharau.

Saa tano, Gare du Midi. Train ya Paris ikaingia. Nikapandisha carton, nikapiga vigelegele. Gare nzima ikageuka. Mwanaume moja mwenye koti ya ngozi akasimama, akasoma carton, akaniangalia, akasoma tena. Nikashusha carton haraka. Bantu bakapita, bakaisha. Maman Zohra hakuna.

Nilikimbia ku cabine ya simu.

«Uko naye?»

«Maman Furaha, niliandika jina yake ku carton.»

«Kidogo?»

«Kubwa. Na nilipiga vigelegele.»

«Wale benye kumuua balikutuma wewe? Mutafute!»

Nilipasua carton, nikazunguka gare. Nilimupata ku salle d'attente, chumba ya kungojea train: mama mufupi, miwani ku macho, gazeti ya Kiflamand mukononi, page haigeuzi; nikajua hasomi, anajificha. Nilikaa kando, nikasema polepole kwa Kifaransa: «Maman Furaha anatungojea.»

Hakuinua macho. «Ni wewe ulikuwa unapiga kelele?»

«Hapana. Ule alikuwa mwenda wazimu.»

«Alikuwa na sauti nzuri.»

Tulipanda tram, kila muntu kiti yake, kama hatujuane. Kila koti ya ngozi ikiingia, nilijigeuza ku dirisha.

Saa nane, Etterbeek. Aliambia bamama namna rafiki yake, mwalimu, aliuawa mbele ya mulango yake. Muuaji alisoma jina ya ule mwalimu ku sonnette, kengele ya mulango. Niliangalia viatu yangu.

Magaribi nilimurudisha gare.

«Sasa utabakia Paris?»

«Hapana, narudia Alger. Bamama ba kule bako na mukutano juma ijayo.»

«Bafanye bila wewe!»

«Na wao banaambiwa vile vile na badada zao. Basi nani atafika?»

Train ikaondoka. Vigelegele ilinifika ku meno. Nikafunika kinywa na mukono. Nilijifunza kama iko bantu unabapenda kwa kunyamaza. Njiani ya kurudi Liège sikuongea na muntu, mpaka contrôleur, mukaguzi wa tiketi, akaniuliza kama niko mugonjwa.

Hata leo radio ikisema Alger, naongeza sauti, nasikiliza majina ya benye baliuawa, moja moja, mpaka habari inaisha.