Bi Turubai na Nyumba ya Kukunja

Kwa miaka ishirini na mitatu Bi Turubai alishona mahema ya kulaza watu wengine, na yeye mwenyewe hakuwahi kulala hemani hata siku moja. Alishona vifuniko vya malori na vivuli vya madukani pia, kwa cherehani nzito ya kanyagio, hadi vidole vikaota sugu na jina la kazi likafunika lile alilopewa na wazazi wake.

Siku moja mteja alimletea tela dogo la kukunja. Likifungwa lilikuwa sanduku pana lenye magurudumu mawili. Likifunguliwa, paa lilipanda juu, vitanda vikachomoza huku na huku, na turubai likasimama kama ukuta. Ila turubai lenyewe panya walikuwa wameligeuza chujio. Kabla kazi haijaanza, mteja akahamia ng'ambo, akapiga simu: "Lichukue tu, dada. Mimi huko sirudi leo wala kesho."

Bi Turubai akalishonea turubai jipya kwa miezi mitatu, kila mshono mara mbili. Shida ilikuwa gari. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa mwendo wake, alikuwa na kipikapu cha kusambazia mikate.

"Mama watoto, hiki ni cha mikate," alisema. "Nyumba kitaiweza wapi?"

"Tusibishane, baba. Tukapime."

Wakalipeleka kwa mchomelea vyuma wa jirani, aliyekuwa na mizani ya vyuma chakavu. Mizani ikaonyesha kilo mia tatu na themanini. Mchomeleaji akainama kusoma kibati cha uzito wa kuvuta kwenye mlango wa pikapu, akanyanyuka anacheka.

"Linavutika, tena na akiba inabaki. Sharti msikimbie."

"Kukimbia?" alisema Bi Turubai. "Huyu hata baiskeli zinampita."

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, Bi Turubai alikuwa amekwishavaa viatu, ameketi garini na mkoba mapajani. Walikuwa wanakwenda ziwani, huko juu milimani, mwendo wa kilomita tisini. Mchomeleaji alikuwa amefunga ndoano ya kuvutia, minyororo ya usalama na waya wa taa. Walipotoka mjini, Bi Turubai aligeuka nyuma mara kumi kuhakikisha nyumba yake inafuata.

Kwenye mteremko wa kwanza, tela likaanza kucheza. Lilivuta kushoto, likarudi kulia, kisha kwa nguvu zaidi, hadi mkia wa pikapu nao ukayumba. Taratibu akaukaba usukani, jasho likamtoka.

"Usikanyage breki!" Bi Turubai alipiga kelele. "Ondoa mguu kwenye mafuta, lishike hivyo hivyo!"

Gari likapungua mwendo, likatulia, wakasimama pembeni. Kisha Bi Turubai akashuka, akafungua tela, akashika kiuno.

"Baba, ni mimi. Madumu ya maji, jiko, gunia la mkaa, vyote nimevirundika nyuma. Pua ya tela haina uzito hata kidogo, ndiyo maana mkia unatamba."

Wakahamishia vizito mbele ya magurudumu. Walipoondoka tena, Bi Turubai hakupumua mpaka mteremko ukaisha. Tela lilifuata kama limepigiliwa misumari. Taratibu, mtu wa maneno ya kuhesabu, akapiga honi bila sababu yoyote.

Mlimani walipanda kwa gia ya pili, injini ikiunguruma, jicho la Taratibu likiwa kwenye mshale wa joto. Mshale ulipanda kidogo, ukakaa. Walipoifikia kona ya mwisho, ziwa likajitandaza chini yao, na Bi Turubai akampiga mumewe begani: "Umeona? Umeona lakini?"

Kazi ikabaki moja: kurudi nyuma. Nafasi yao kwenye kambi ya ziwani ilikuwa kati ya mawe mawili. Taratibu alijaribu mara tatu, na kila alipokata kulia tela lilikwenda kushoto. Watu wa kambini wakakusanyika, kila mmoja na ushauri wake.

"Shuka, nijaribu," alisema Bi Turubai. Leseni alikuwa nayo, ingawa usukani hakuwa ameushika kwa miaka kumi na miwili. Aliwaomba washauri wanyamaze, akaweka mkono chini kabisa kwenye usukani. Mkono ulipokwenda kulia, mkia wa tela nao ulikwenda kulia. Akaenda hatua kwa hatua, akasimama, akasogea mbele kidogo, akarudi tena. Tela likaingia kati ya mawe bila kugusa popote. Watu wakapiga makofi, naye akashuka anacheka peke yake.

Alasiri mvua ikaja bila hodi. Bi Turubai alikimbilia ndani, lakini hakuketi. Alipita mshono kwa mshono, kiganja kikipapasa turubai, huku maji yakipiga paa kwa fujo.

"Linavuja?" aliuliza Taratibu.

"Hata tone, baba! Njoo ushike mwenyewe!"

Hema la majirani lilikuwa limelala chini. Mama mmoja na binti zake wawili wakaja wamelowa, wakakaribishwa kitandani, wakapewa chai. Yule mama akainua macho, akaangalia paa, akagusa ukuta.

"Hii mlinunua wapi, jamani? Na sisi tunaitaka."

Taratibu alielekeza kidevu chake kwa mkewe, akajimiminia chai zaidi. Bi Turubai akajisogeza karibu na mgeni wake, akauvuta ukingo wa turubai ili auone vizuri, akaanza kumweleza jinsi alivyolishona.