Muuza Mawese Asiyekula Mawese

Bosi wetu alifika Rumonge akiwa anatujua tayari. Kwao Ulaya alikuwa amelipiwa mafunzo ya siku tatu kuhusu kufanya biashara na watu wa tamaduni nyingine, na mafunzo yote alikuja nayo kwenye kompyuta. Mwafrika anaheshimu wazee. Mwafrika hapendi kuharakishwa. Mwafrika akikupa kitu, kipokee kwa mikono miwili. Basi akapokea kwa mikono miwili hata kalamu. Mlinzi wetu, aliyempa funguo za geti na kuona zimebebwa kama mtoto mchanga, aliniuliza pembeni kama mzee huyu ana ugonjwa wa viganja.

Biashara yenyewe ilikuwa mawese: kuyanunua kwa wakulima wa Kigwena, kuyachuja, kuyatia kwenye chupa za kioo zenye picha ya mnazi. Ndiyo, mnazi. Mchoraji alikuwa mbali, na kwa mtu aliye mbali mnazi na mchikichi ni ndugu.

Mimi niliajiriwa kuwa mratibu wa mahusiano. Sifa yangu ilikuwa moja: nimelala katika nchi nyingi. Nilikulia ukimbizini Tanzania, nikamaliza sekondari hukohuko, nikabeba sahani hotelini Dar es Salaam, nikauza vitenge Uvira, nikafika hadi Lusaka kufanya kazi ambayo mpaka leo sijaielewa. Nikiondoka mahali, ndipo ninapoanza kupapenda. Mke wangu anaufahamu ugonjwa huo. Begi langu la safari lilikaa chini ya kitanda na mashati mawili ndani, na siku nilipopata kazi alilisukuma kwa mguu, akasema, "Hii kazi ikikufa na wewe ubebe hii begi tena, beba na kitanda. Mimi sikungoji tena."

Kwa hiyo bosi aliponiambia kwamba wakubwa wake wanataka akina mama wa soko la Rumonge wakubali kuuza chupa zetu kabla ya mwezi kwisha, la sivyo mashine zinapakiwa kwenda nchi nyingine, nilisikia begi likisogea lenyewe.

Tukawaalika akina mama chakula cha mchana. Maandalizi niliyasimamia mimi, mtaalamu. Vitambaa vyeupe mezani, maharage na ndizi, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kutoka Gitaza, vyote vimepikwa kwa mafuta yetu. Wafanyakazi niliwapanga ukutani na glavu mikononi, nikatoa amri kwa ile sauti niliyojifunza hotelini: mtu yeyote asitie kitu mdomoni mbele ya wageni. Bosi aliiandika kwenye daftari lake. Alisema ndiyo faida ya kuwa na mtu anayeijua jamii.

Akina mama walikuja na vitenge vya harusi. Aliyewaongoza alikuwa na duka kubwa la mafuta sokoni, Mwislamu, mnene, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Wengine waliangalia alikoangalia yeye. Bosi akawagawia mwenyewe, mikono miwili kila sahani. "Murakoze," wakashukuru. Wakasifu rangi. Wakasifu chupa. Wakasifu harufu. Kisha wakaziweka sahani mezani na kukunja mikono.

Bosi alininong'oneza kwamba ni watu wenye adabu sana, wanangoja ruhusa. Akawapa ruhusa, nikatafsiri. Wakashukuru tena. Akawaonyesha ramani yenye mishale inayotoka Rumonge kwenda duniani kote. Wakaishukuru mishale. Maharage yakaanza kuota ngozi.

Mama yangu, kule kambini, hakuwahi kumpa jirani pombe ya ndizi bila kuvuta funda la kwanza yeye mwenyewe. Nilimwuliza siku moja kwa nini anawapunguzia wageni. "Anayetoa ndiye anaanza," alisema. "Kama iko sumu, tukufe wote." Nimemkumbuka mama yangu katika kila nchi niliyolala. Nilimsahau siku hiyo moja tu, Rumonge, nikiwa nimevaa glavu.

Aliyenikumbusha ni yule mama mnene. Aliniita kwa kidole.

"Wewe, mutoto wa kwetu. Hii chakula iko na nini?"

"Haina kitu, mama. Maharage tu na mawese yetu."

"Na mbona mumesimama na glavu kama watu wa mochari? Uliona wapi mutu anagawa chakula, yeye hakuli?"

"Ni mambo ya usafi, mama."

"Usafi! Mudomo yako ni ya kutunza, yangu ndiyo ya kujaribia?"

Meza nzima ilicheka, ila hakuna aliyegusa kijiko. Nikavua glavu, nikachukua sahani, nikala mbele yao kama mtu anayetoa ushahidi. Walilitazama koo langu. Mama akangoja kidogo aone kama nitaanguka, kisha akaelekeza kidevu kwa bosi.

"Wewe ni wa kutumwa. Mwenye mafuta ale."

Nilipotafsiri, bosi akawa mwekundu kuliko bidhaa. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo halikuwamo kwenye kompyuta yake: hajawahi kuonja mawese. Daktari wa kwao alimkataza mafuta mazito kwa ajili ya moyo. "Waeleze," aliniambia, "kwamba ni suala la afya."

Nikajaribu kufikiria namna ya kuwaeleza wauza mafuta kwamba mwenye mafuta anayaogopa. Kisha nikafikiria begi.

"Bosi," nikamwambia kwa Kifaransa changu cha kuungaunga, "nikiwaambia hivyo, ita lori tuanze kupakia mashine leo."

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema anaomba kwanza."

"Aombe mbio, maharage inapoa."

Bosi akafumba macho, kwa kweli kama anayeomba, akatia kijiko mdomoni. Akatafuna. Akafumbua macho. Cha pili alikichota bila kuambiwa, na tone likaangukia shati lake jeupe na kuacha doa ambalo Rumonge nzima inajua halitoki. Mama aliliangalia doa lile kama muhuri, akavuta sahani yake. Wote wakala.

Walikubali kuuza chupa, isipokuwa wawili waliosema ule mnazi unawatia aibu.

Mafunzo sasa yana ukurasa mpya: anza wewe kuonja. Chini yake kuna jina la bosi, mgunduzi. Na kwa kuwa umekuwa utaratibu wa kampuni, unafuatwa kama utaratibu: kila duka tunalopelekea chupa, mratibu ale kwanza, na mwenye duka atie sahihi kwamba ameona. Nakula Magara, nakula Gitaza, nakula Kigwena. Mke wangu amezipanua suruali zangu mara mbili.

Juzi nikiwa Magara niliona gari linaelekea kusini, mpakani, na miguu ikaniwasha kama kawaida yake. Nilipofika nyumbani nikainama kuchungulia chini ya kitanda, kuangalia tu. Begi halikuwepo. Nililikuta jikoni, limejaa vitunguu.

"Mashati nilifua," mke wangu akasema bila kugeuka.

Akapakua, akachota kijiko cha kwanza, akameza, ndipo akanisogezea sahani.