Safu ya Nne

Nilirudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kutoka Bukavu nikiwa na diploma ya umeme, kompyuta moja ya mitumba, mashine yake ya kuchapa iliyokwaruza kama mtu anayekwangua chungu kilichoungua, na hofu. Hofu nilikuwa nayo tangu utotoni, ila Baraka ya miaka ile ya vita iliipa kazi ya kufanya. Mji ulikuwa umebadilisha wenye bunduki mara nyingi mno. Watu waliacha kuuliza ni akina nani walioushika. Waliuliza tu kama hawa wa sasa wanapokonya baiskeli.

Wazo langu lilitokana na kitu nilichokiona kila siku. Nusu ya kila familia ilikuwa ng'ambo ya ziwa, kambini Tanzania, na nusu nyingine ilitawanyika kati ya Kazimia, Fizi na Lulimba. Posta ilikuwa imekufa. Simu za mkononi zilikuwa hadithi tulizoletewa na watu wa Bukavu. Nilitaka kufungua nyumba yenye foni, ile redio ya kuongea na vituo vya mbali, pamoja na kompyuta ya kushika majina: nani anamtafuta nani, na huyo anayetafutwa yuko wapi. Mtu angekuja, angetaja jina, ningebonyeza, na jibu lingetoka. Vijana wa leo wangeiita kampuni ya teknolojia. Mimi niliiita "ile kazi", kwa kuogopa kuipa jina kabla haijazaliwa.

Niliishi kwa mama mdogo, dada ya marehemu mama yangu, aliyekuwa akinunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, Kazimia na kuwauza Baraka. Nilimfuata kule mara tatu nijifunze habari zinavyosafiri. Safari ya pili, mama mdogo akiwa ameinama anageuza samaki mchangani, mwanamke mmoja alishuka kwenye boti akampa kipande cha kitenge kisichozidi urefu wa kidole.

"Ya ule mama wa juu ya shule, mwenye kupika mandazi," alisema. "Umwambie mutoto ameacha kuhara."

Mama mdogo alikifunga kwenye pindo la nguo yake akaendelea na samaki. Nikamuuliza ni nani aliyekituma.

"Sijue."

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize ya nini? Mwenye kitenge anajua kitenge yake."

Ndivyo wanawake wa ndagala walivyofanya kazi. Anayetuma hukata kipande cha nguo ambayo mpokeaji anaifahamu, labda waliyoshona pamoja au waliyogawana siku ya kukimbia. Kipande hupita mikono mitatu au minne, na hakuna mkono unaojua zaidi ya mkono unaofuata. Mpokeaji akikitambua, anajua habari ni ya kweli na mtu wake yuko hai.

"Na wakikukamata njiani, mama?"

"Watanipiga. Halafu watachoka." Alicheka. "Kintu sijue, hata fimbo haiwezi kuitoa mu kichwa yangu."

Kwenye boti ya kurudi niliandika kurasa nne. Nilistaajabu kwamba wanawake wasio na diploma walikuwa wametatua jambo lililotusumbua darasani muhula mzima: jinsi ya kuthibitisha mtumaji bila kumwona. Lakini chini yake, kwa wino mwekundu, niliandika kasoro. Kipande kinaweza kukaa miezi ndani ya pindo. Mwanamke akiugua, njia inakatika. Na kubwa kuliko zote: hakuna anayejua kila mtu yuko wapi. Niliipigia mstari mara mbili sentensi hiyo, na kalamu ikatoboa karatasi.

Basi nikatengeneza jedwali la safu nne: jina, alikotoka, anayemtafuta, alipo sasa. Safu ya nne ndiyo niliyojivunia. Kila niliyemwandika nilimpa sharti moja: usihame bila kuniarifu, maana ukihama jedwali linakuwa uongo. Mama mdogo alikataa kuandikwa.

"Andika mama wa ndagala."

"Lakini wako wengi sana, mama."

"Ndiyo maana."

Wiki chache kabla ya kufungua nilipanda Fizi kukusanya majina ya milimani. Mwalimu wangu wa zamani wa hesabu alinipokea, akanilisha, akanitazama muda mrefu, kisha akanipeleka kwenye jiko nyuma ya nyumba. Ndani kulikuwa na mwanamke mzee aliyekaa wima kwenye kigoda, mrefu, amejifunga shuka begani kama wanavyojifunga wafugaji wa nyanda za juu. Vita ilipofika kwao, ng'ombe walichukuliwa, mume akauawa, na binti akakimbilia ziwani na mtoto mgongoni. Mume wake na mwalimu walikuwa wakiuziana maziwa na mahindi miaka ishirini, tena walisali kanisa moja. Kwa hiyo mwalimu alimficha. Mwezi ule, Fizi na Baraka zote zilikuwa mikononi mwa watu waliomwona kila mtu wa malishoni kuwa adui.

Mwanamke hakutaka kuandikwa. Nilikaa naye saa nzima. Nilimweleza kuhusu foni na kambi. Nikamwambia binti yake akifika tu mbele ya redio na kutaja jina la mama, jibu litatoka siku ileile. Mwishowe alishusha pumzi.

"Sawa, mwana wangu. Niandike."

Nikamwandika, jina lake, kijiji chake cha juu, binti yake. Safu ya nne: Fizi, nyumba ya mwalimu.

"Sasa usihame," nilimwambia, "mpaka nikuletee jibu."

Jumatano kabla ya Jumamosi ya kufungua, komanda wa mji alikuja kukagua. Hakukuwa na kibali bila yeye. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya redio, nani anaongea na nani, kwa lugha gani. Foni hakuitazama hata mara moja. Aliketi mbele ya kompyuta, akaweka kofia yake juu ya mashine ya kuchapa.

"We wa diplome, onyesha mi kazi yako."

Nilimwonyesha. Majina yalijipanga kwa alfabeti. Akatikisa kichwa kwa heshima, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa sijapata mtazamaji makini namna ile tangu nitoke Bukavu.

"Inaweza panga kwa njia ingine?"

"Kwa safu yoyote, komanda."

"Kwa kijiji?"

Kidole changu kilibonyeza kabla akili haijafika. Watu wote wakajipanga kwa vijiji walikotoka, kundi baada ya kundi, na kila mmoja pembeni yake ameandikiwa mahali anapolala. Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni, na nakumbuka nilihesabu mapigo.

"Piga yote ku papiye."

Mashine ikaanza kukwaruza. Ningeweza kusema wino umekwisha. Ningeweza kuchomoa waya wa betri. Nimefikiria njia kumi na tisa za kuizuia karatasi ile, na zote nilizipata baadaye. Komanda alipitisha kidole ukingoni mwa karatasi kuanzia juu hadi chini. Kile kijiji cha malishoni kilikuwa karibu na mwisho, na jina moja tu. Kidole kilisita hapo, au labda alikuwa anakunja karatasi. Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa kifuani, akavaa kofia.

"Kazi muzuri. Siku ya posho, ile ya kufungua, nitakuya na batu yangu."

Mama mdogo alikuwa mlangoni na beseni lake. Alimpisha, akangoja hatua zipotee.

"Masomo yote ile ya Bukavu," alisema taratibu, "ilikuwa ya kuja kupanga batu kama ndagala? Wakubwa hapa, wadogo pale, muchuuzi anyooshe tu mukono?"

Nilifuta jedwali lote. Daftari nililoandikia majina milimani mama mdogo alilichukua mwenyewe, akalitia motoni chini ya chanja ya samaki.

Alfajiri ya Alhamisi niliondoka kwa baiskeli. Mlima wa Fizi huupandi umekaa, unasukuma, na kila kona nilijiambia kuwa komanda hasomi vizuri, kwamba majina ni mengi, kwamba kidole hakikusita. Kisha nilijiambia kinyume chake. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja aliniuliza naharakia nini nikamwambia mgonjwa, na sauti yangu ilitetemeka kiasi kwamba alinihurumia.

Nilimkuta kwenye kigoda kilekile. Uso wake uliangaza aliponiona.

"Umeleta jibu?"

"Mama, inabidi uondoke. Leo hii."

Alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua. "Umesema nisihame. Binti yangu akiniuliza, mashine itamwambia niko hapa."

"Mashine haina jina lako tena. Nimelifuta."

"Umenifuta?"

Mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alielewa kabla sijamaliza kueleza. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Mwanamke ndiye aliyekataa. Aliniambia alikimbia mara tatu na kila mara aliacha watu nyuma bila kuwaambia anaelekea wapi. Safari hii, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na mahali palipoandikwa kwamba yupo. Asingepaacha. Nilipiga magoti kwenye majivu. Nilimwambia nilikosea, kwamba maneno yangu yalikuwa ya kitoto, kwamba yupo mtu mwenye karatasi mfukoni. Hayo hayakumgusa. Mwisho nilimwuliza kama wakati wa kukimbia yeye na binti yake waligawana nguo.

Alifikiri. Akafungua furushi, akatoa nusu ya kitenge cha kijani chenye maua meupe. Nusu nyingine ilikuwa imembeba mjukuu.

"Kata kidogo," nilisema. "Akituma chake, tutajua ni yeye."

"Na mimi mtanipataje?"

Nilimwambia kweli: sijui. Alichana ukingo kwa meno, akaniwekea kipande mkononi, akasimama. Mwalimu alimpitisha nyuma ya migomba. Niligeuza uso ukutani nisione wameshika njia gani.

Jumamosi komanda alikuja na watu wake. Nilimwambia mashine imekufa. Alinipiga kofi moja la polepole, karibu la kirafiki, wakabeba kompyuta, foni na hata meza. Jumatatu askari waliingia kwa mwalimu. Walivunja jiko na meno yake mawili. Lakini wiki hiyo waliingia nyumba nyingi za Fizi, na mpaka leo sijui kama ni karatasi yangu iliyowaleta. Mwalimu tulionana mara nyingi baadaye. Hakuwahi kuligusa jambo hilo, nami sijawahi kuwa na ujasiri.

Nilikuja kufungua mwaka uliofuata, foni ya kuazima na benchi moja, bila daftari. Watu waliuliza mbona siandiki. Niliwaambia walete kitambaa.

Kisha, msimu wa mvua, mama mdogo alirudi kutoka Kazimia, akafungua pindo lake. Kijani, maua meupe. Nilileta changu, tukaviweka pamoja juu ya beseni. Ua moja lililokatika katikati likakutana.

"Yule aliyenipa mi anasema mutoto anatembea sasa," alisema.

Alivichukua vyote viwili vikamtafute yule mama, akavifunga, na kesho yake akampa mwanamke anayeuza chumvi njia ya Lulimba. Huyo alimpa mwingine, ambaye simjui. Kila mama mdogo anaporudi kutoka sokoni mimi hutazama pindo la nguo yake kabla ya uso wake, naye hutikisa kichwa.

"Bado," husema. "Usiniangalie hivyo. Bado."